Guangzhou: Mahali pa kulala ni sehemu ya mtaji

MFANYABIASHARA wa Kariakoo au Gikomba anayekwenda kununua bidhaa Guangzhou hupiga hesabu ya nauli, viza, bei ya mzigo na nafasi ya kontena kwa uangalifu mkubwa. Mahali pa kulala, kwa kawaida, huachwa kuwa jambo la kuulizia baada ya kufika.

Hapo ndipo hasara nyingi ndogo ndogo huanzia. Chumba cha bei ya chini kilicho mbali na soko hula fedha kwa teksi na hula saa za kazi barabarani. Chumba kisichoandikishwa polisi kinaweza kumtia mgeni katika mgogoro na sheria. Na chumba kilichotafutwa siku ya ufunguzi wa Maonyesho ya Canton kinaweza kukosekana kabisa, au kupatikana kwa bei isiyolipika.

Guangzhou, makao makuu ya Jimbo la Guangdong kusini mwa China, ilikuwa na wakazi 18,676,605 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020. Hao ni zaidi ya mara tatu ya wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam, ambao katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Katika jiji la ukubwa huo, kusema kwamba hoteli iko "mjini" ni sawa na kutosema kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza la msafiri si hoteli ipi ina bei nafuu, bali ni kazi iliyomleta iko upande gani wa jiji. Masoko ya Guangzhou hayakukusanyika mahali pamoja. Nguo zina mtaa wake, mikoba mtaa wake, vitambaa mtaa wake, na maonyesho makubwa yana eneo lake ng'ambo ya mto. Anayejua orodha ya manunuzi yake amekwisha kujua nusu ya jibu.

Uwanja wa ndege na treni

Uwanja wa ndege wa Baiyun ulifunguliwa Agosti 2004 na uko kaskazini, takriban kilomita 28 kutoka katikati ya jiji. Treni ya chini ya ardhi ilifika uwanjani hapo Oktoba 2010, kwa njia namba 3. Uwanja huo una zaidi ya jengo moja la abiria, hivyo ni vyema kuthibitisha jengo la ndege yako kabla ya kupanga safari ya kurudi.

Treni hizo ndizo kipimo bora cha kuchagua chumba. Sehemu ya kwanza ya mtandao wake ilianza kazi mwaka 1997, na leo njia zake zinafika karibu kila soko linalotajwa na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Nauli huanzia yuan 2 kwa safari fupi, na majina ya vituo yameandikwa kwa herufi za Kilatini pia, jambo linalomfaa mgeni asiyesoma Kichina.

Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni hii: hoteli iliyo umbali wa dakika chache za kutembea kutoka kituo cha treni ni bora kuliko hoteli ya kifahari isiyo na kituo karibu. Barabara za Guangzhou hufungamana asubuhi na jioni, na teksi iliyokwama kwenye foleni humtoza mteja vilevile.

Aidha, treni hazitembei usiku kucha. Huduma hufungwa karibu na usiku wa manane na kuanza tena alfajiri, kiasi cha saa kumi na mbili. Msafiri ambaye ndege yake inatua usiku mkubwa aweke kando fedha za teksi, au alale usiku wa kwanza karibu na uwanja na kuingia mjini kunapokucha.

Xiaobei na Taojin

Eneo linalojulikana zaidi kwa Waafrika ni Xiaobei, katika Wilaya ya Yuexiu. Liko kwenye njia namba 5 ya treni, iliyofunguliwa Desemba 2009, na ni kituo kimoja tu kutoka stesheni kuu ya reli. Jengo la Tianxiu na mitaa inayolizunguka vimekuwa kwa miaka mingi kitovu cha biashara kati ya Guangzhou na Afrika.

Faida za Xiaobei ni za wazi. Mawakala wa mizigo wako jirani, migahawa ya halali ni mingi, chakula cha Kiafrika na cha Kiarabu hakitafutwi mbali, na mara nyingi hupatikana mtu wa kumsaidia mgeni kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili. Kwa anayefika China kwa mara ya kwanza, urahisi huo una thamani kubwa.

Hata hivyo, Xiaobei si jibu la kila mtu. Polisi wamekuwa wakikagua pasipoti na viza katika mitaa hiyo mara kwa mara. Madalali humfuata mgeni mlangoni mwa hoteli, na anayekubali kuongozwa na kila anayemsalimia kwa lugha yake huishia kulipa kamisheni asiyoijua, iliyofichwa ndani ya bei ya bidhaa. Watu wanaobadilisha fedha barabarani nao ni wa kuepukwa, kwa kuwa mteja akipewa noti bandia hana pa kwenda kulalamika.

Kituo kinachofuata upande wa mashariki ni Taojin. Hapo mtaa ni mpana na mtulivu zaidi. Ndiko ziliko hoteli za siku nyingi kama Baiyun, iliyofunguliwa mwaka 1976, na Garden, iliyofunguliwa mwaka 1985. Si za bei ya chini, lakini kandokando yake zipo hoteli za kawaida. Anayelala Taojin anaweza kwenda kula Xiaobei na kumwona wakala wake bila kukaa katikati ya zogo.

Sanyuanli na stesheni ya reli

Mwenye duka la nguo, viatu, mikoba, saa au vipodozi atapata unafuu zaidi kaskazini mwa Xiaobei, kati ya Sanyuanli na stesheni ya reli ya Guangzhou. Soko la nguo la Baima liko karibu na stesheni hiyo. Masoko ya viatu na saa yako katika eneo la Zhanxi, magharibi yake, na masoko ya mikoba na bidhaa za ngozi yako Guihuagang, upande wa Sanyuanli.

Eneo hilo liko kwenye njia namba 2, na katika stesheni kuu njia hiyo hukutana na namba 5. Anayetoka uwanja wa ndege hupanda njia namba 3, kisha hubadilisha kwenye kituo cha Jiahewanggang na kuingia namba 2 hadi Sanyuanli. Kwa mtu mwenye begi moja, hiyo ni safari nyepesi.

Sanyuanli ni jina lililo katika vitabu vya historia ya China. Mwaka 1841, wakati wa Vita vya Kasumba, wanavijiji wa hapo walipambana na askari wa Uingereza. Leo ni mtaa wa biashara wenye msongamano, na hoteli zake nyingi ni za daraja la kawaida.

Ubaya wake ni kelele. Magari ya mizigo hupakia na kupakua mpaka usiku, na stesheni huleta umati mkubwa, hasa nyakati za sikukuu. Chumba kinachotazama barabara kuu hakimfai mwenye usingizi mwepesi. Vilevile, mahali penye umati wa namna hiyo hapakosi wachomozi, hivyo pasipoti na fedha zisibebwe katika mfuko wa nyuma.

Pazhou na msimu wa maonyesho

Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka: majira ya kuchipua kuanzia Aprili 15 na majira ya kupukutika kuanzia Oktoba 15. Kila msimu una awamu tatu. Ya kwanza kwa kawaida huwa ya mashine, magari na vifaa vya umeme. Ya pili ya vyombo vya nyumbani, samani, mapambo na vifaa vya ujenzi. Na ya tatu ya nguo, viatu, midoli, dawa na vyakula.

Mfanyabiashara asiyejua awamu ya bidhaa zake anaweza kulipia hoteli kwa siku zisizo zake. Anayetafuta nguo akifika Aprili 15 atakuta mabanda ya mashine. Kwa hiyo ratiba ya awamu isomwe kabla ya kukata tiketi na kabla ya kulipia chumba.

Maonyesho hayo hufanyika Pazhou, katika Wilaya ya Haizhu, kusini mwa Mto Pearl. Vituo vyake vya treni ni Xingangdong na Pazhou, kwenye njia namba 8. Anayelala Xiaobei hulazimika kubadilisha treni mara mbili: kwanza Zhujiang New Town, kisha Kecun. Safari hiyo inawezekana, lakini nyakati za asubuhi treni hujaa.

Hapa kuna mtego wa zamani. Kabla ya mwaka 2008 maonyesho yalikuwa yakifanyika pia katika majengo ya Liuhua, karibu na stesheni kuu ya reli. Maelezo ya kale bado huzisifu hoteli za upande huo kwa kuwa "karibu na maonyesho". Tangu Oktoba 2008 maonyesho yote yako Pazhou, hivyo anayechagua hoteli kwa maelezo hayo atajikuta upande mwingine wa jiji.

Bei ya vyumba hupanda katika jiji zima wakati wa maonyesho, na Pazhou ndiko hupanda zaidi. Chumba kinachoweza kupatikana kwa bei ya wastani Machi huweza kuuzwa mara mbili au zaidi katikati ya Aprili. Dawa yake ni kuweka nafasi mapema na kuthibitishiwa bei kwa maandishi. Kwa upande mwingine, nje ya msimu Pazhou ni eneo tulivu lenye vyumba vingi, lakini liko mbali na masoko ya rejareja na jumla ya Yuexiu.

Tianhe na Zhujiang New Town

Upande wa mashariki liko eneo jipya la jiji: Wilaya ya Tianhe na mtaa wa minara wa Zhujiang New Town. Ng'ambo ya mto unasimama Mnara wa Canton, wenye urefu wa mita 600, uliofunguliwa mwaka 2010.

Hoteli za hapa zinawafaa maofisa wa serikali, wawakilishi wa kampuni na mtu mwenye mikutano ya benki au ya ofisi za kibalozi. Zhujiang New Town ni makutano ya njia namba 3 na namba 5, hivyo mtu hufika Xiaobei au uwanja wa ndege bila shida kubwa. Wauzaji wa kompyuta na vifaa vyake nao wako Tianhe, katika eneo la Gangding, kwenye njia namba 3.

Kinachokosekana Tianhe ni wepesi wa mfuko. Chakula, kahawa na chumba ni ghali kuliko Yuexiu. Mnunuzi wa mikoba anayelala kwenye mnara wa Tianhe kwa ajili ya mandhari hulipia mandhari ambayo hataiona mchana, kwa kuwa mchana wote atakuwa Sanyuanli.

Mji wa zamani

Anayenunua midoli, zawadi, mapambo na vifaa vya sherehe atazame mji wa zamani, kati ya Beijing Lu, Uwanja wa Haizhu na Yide Lu. Neno lu kwa Kichina lina maana ya barabara. Vituo vyote vitatu viko kwenye njia namba 6, na Uwanja wa Haizhu uko pia kwenye namba 2.

Eneo hilo lina nyumba za ibada zinazojulikana kwa wageni wengi. Kwenye Yide Lu limesimama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe kati ya mwaka 1863 na 1888. Si mbali na hapo uko Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa nchini China, wenye mnara wa siku nyingi. Msikiti mwingine unaojaa siku ya Ijumaa ni ule wa Sa'd bin Abi Waqqas, karibu na Bustani ya Yuexiu na stesheni kuu, mahali ambapo mapokeo ya Waislamu wa China yanasema alizikwa sahaba huyo wa Mtume.

Magharibi ya mji wa zamani kuna kisiwa kidogo cha Shamian, ambako Waingereza na Wafaransa walijenga makazi yao katika karne ya 19. Hoteli ya White Swan ilifunguliwa hapo mwaka 1983. Shamian ina miti, majengo ya kale na ukimya, na inamfaa mgonjwa, mzee au familia yenye watoto. Mwenye mzigo wa kukimbiza ataona kuwa ukimya huo umemweka mbali kidogo na kazi.

Wanunuzi wa vitambaa, kwa upande wao, huvuka mto kwenda soko la Zhongda, katika Wilaya ya Haizhu. Kituo chake, kinachoitwa Zhongda vilevile, kiko kwenye njia namba 8. Mshonaji au mwenye duka la vitambaa anayehitaji siku nne au tano za kulinganisha marobota atapata nafuu kwa kulala karibu na njia hiyo.

Pale ambapo Guangzhou si jibu

Bidhaa nyingine zinazosemwa kuwa za Guangzhou kwa kweli ziko miji jirani. Samani huuzwa kwa wingi Lecong, na vigae vya sakafu na ukuta ni sifa ya Foshan kwa jumla. Taa ni za Guzhen, katika mji wa Zhongshan.

Treni ya kuunganisha Guangzhou na Foshan ilifunguliwa Novemba 2010, na wengi hulala Guangzhou wakaenda Foshan na kurudi. Kwa ziara ya siku moja hilo halina tatizo. Lakini anayejenga nyumba ya wageni na kununua vitanda, makochi na vigae kwa wiki nzima ni afadhali alale Foshan kwenyewe.

Yiwu, soko kubwa la bidhaa ndogo ndogo, liko Jimbo la Zhejiang, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Guangzhou. Hiyo ni safari nyingine na hoteli nyingine. Asimlipie mtu chumba cha Guangzhou kwa siku ambazo mwili wake utakuwa Yiwu.

Usajili wa polisi ndani ya saa 24

Sheria ya China ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inataka kila mgeni aandikishwe mahali anapolala. Akilala hotelini, kazi hiyo ni ya hoteli: mapokezi huchukua pasipoti, husoma viza na kupeleka taarifa polisi. Akilala kwa ndugu, kwa rafiki au katika nyumba ya kupanga, yeye mwenyewe au mwenyeji wake anatakiwa kujiandikisha kituo cha polisi ndani ya saa 24 tangu kufika.

Asiyefanya hivyo anaweza kupewa onyo, na pia kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Fedha hizo zingelipia siku kadhaa za hoteli ya kawaida. Ndiyo maana "kitanda cha bure" kwa mtu aliyekutana naye mtandaoni, au chumba kilichogawanywa katika nyumba ya kupanga, kinaweza kuwa ghali kuliko hoteli.

Nyumba za muda mfupi zinazokodishwa kwa intaneti ziulizwe swali moja kabla ya malipo: je, mwenye nyumba atamwandikisha mgeni wa kigeni? Jibu la kuzungusha lichukuliwe kuwa hapana. Karatasi ya usajili ikitolewa, itunzwe pamoja na pasipoti, kwa kuwa huweza kuhitajika wakati wa ukaguzi au wa kuomba kuongezewa muda wa viza.

Vivyo hivyo, wafanyabiashara wawili wanaogawana chumba waandikishwe wote wawili mapokezi. Hoteli nyingi za China hutoza kwa chumba, si kwa kichwa, hivyo kugawana chumba si kosa. Kosa ni kumwingiza mtu wa pili kwa siri.

Mgeni anapokataliwa chumba

Suala hilo la chumba lina historia chungu. Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Waafrika wengi Guangzhou walifukuzwa katika nyumba walizopanga, wakakataliwa hotelini na wengine wakalala nje. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya China. Mwezi huohuo mamlaka za jiji zilitangaza kuwa Waafrika waliokuwapo Guangzhou ni 4,553, idadi iliyo ndogo sana ikilinganishwa na ile ya miaka ya neema ya biashara hiyo.

Tatizo jingine ni la zamani zaidi. Kwa miaka mingi hoteli nyingi za bei nafuu zilimkataa mgeni yeyote asiye Mchina kwa madai kwamba hazina kibali. Mwaka 2024 serikali ya China ilieleza kuwa hoteli hairuhusiwi kumkataa mgeni kwa hoja hiyo. Hata hivyo, tangazo la Beijing haliwafikii wahudumu wote wa mapokezi kwa wakati mmoja, na wapo wasiojua namna ya kuandikisha pasipoti ya kigeni.

Kinga ya mgeni ni kuandika hotelini kabla ya safari, kutaja uraia wake na kuomba uthibitisho kwamba atapokewa. Ujumbe huo uhifadhiwe kwenye simu pamoja na tafsiri yake ya Kichina. Akikataliwa usiku, asiondoke mapokezi kwa hasira bila kuomba aitwe meneja au polisi, kwa sababu mara nyingi polisi wa mtaa ndio wanaomweleza mhudumu namna ya kufanya usajili. Tanzania na Uganda zina ofisi za kibalozi mjini Guangzhou, na namba zake ni vyema ziwe mfukoni kabla ya kuondoka nyumbani.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

La kwanza ni dirisha. Hoteli za bei ya chini huuza vyumba visivyo na dirisha kabisa, na picha haisemi hivyo. Kuanzia Aprili hadi Septemba Guangzhou huwa na mvua nyingi na joto la unyevu. Chumba kisichopitisha hewa hunuka ukungu, na nguo hazikauki.

La pili ni malipo. Wachina wengi hulipa kwa simu, na tangu mwaka 2023 imekuwa rahisi zaidi kwa wageni kuunganisha kadi zao za benki za kimataifa na programu za Alipay na WeChat. Mgeni aifanye kazi hiyo akiwa nyumbani, na bado awe na fedha taslimu kiasi. Aulize pia kuhusu amana, kwa kuwa hoteli nyingi hudai kiasi cha ziada wakati wa kuingia na kukirudisha wakati wa kutoka. Stakabadhi ya amana isitupwe.

La tatu ni anwani. Dereva wa teksi Guangzhou hasomi jina la hoteli kwa Kiingereza. Kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina ichukuliwe siku ya kwanza na ipigwe picha. Wauzaji wanaoleta sampuli nao wataihitaji anwani hiyohiyo.

La nne ni mzigo. Chumba cha hoteli si ghala. Baadhi ya hoteli hukataa mabunda kupitishwa kwenye lifti, na nyingine hutoza. Ni salama zaidi muuzaji apeleke bidhaa moja kwa moja kwenye ghala la wakala wa mizigo, na mnunuzi aende huko kuhesabu na kukagua. Kwa hiyo kabla ya kuchagua hoteli, iulizwe pia ghala hilo liko wapi.

La tano ni kalenda. Wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, viwanda na masoko hufungwa, na vingine huchelewa kufunguliwa kwa wiki kadhaa. Juma la kwanza la Oktoba ni la sikukuu ya taifa. Chumba kitapatikana, lakini hakutakuwa na wa kumuuzia mgeni bidhaa.

Hesabu ya mwisho

Kwa mfano, mtu anayekaa siku 10 akiokoa yuan 60 kila usiku kwa kulala mbali atakuwa ameokoa yuan 600. Akilipa teksi ya yuan 40 kwenda na yuan 40 kurudi kila siku, atakuwa ametumia yuan 800. Ameshapoteza 200 kabla ya kuhesabu saa mbili za kila siku alizokaa barabarani, ambazo kwa siku 10 ni saa 20, yaani zaidi ya siku mbili za kazi sokoni.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza na hana orodha kamili, Taojin au ukingo wa Xiaobei ni chaguo la wastani lisilo na hatari kubwa. Mwenye orodha ya nguo na mikoba aende Sanyuanli. Wa midoli na mapambo, Yide Lu. Wa vitambaa, njia namba 8. Wa maonyesho, Pazhou, na aweke nafasi miezi kabla. Asiyejua bado anakwenda kununua nini alipie usiku mbili au tatu tu za mwanzo, kisha ahamie karibu na soko atakalolichagua.